Mrushaji na Mdakaji wa Kutumainiwa katika Fantasi ya Siku

Fantasi ya siku ni shindano linalojengwa juu ya mchezo mwingine: mshiriki hulipa kiingilio, hupewa bajeti ya kubuni, huitumia kuunda kikosi cha wachezaji halisi kutoka timu mbalimbali, kisha matendo ya wachezaji hao uwanjani hugeuzwa kuwa pointi, na wenye pointi nyingi hugawana zawadi. Hutofautiana na fantasi ya msimu mzima, ambayo mashabiki wengi wa soka wanaifahamu kupitia Ligi Kuu ya Uingereza, kwa kuwa kikosi huvunjwa mara tu mechi za siku hiyo zinapomalizika na juma linalofuata kila mtu huanza upya. Hutofautiana pia na mkeka wa kubashiri, kwa kuwa mshiriki haulizwi timu ipi itashinda, bali nani atafanya kazi kiasi gani. Katika futiboli ya Marekani, inayochezwa kwa mpira uliochongoka pande mbili na ambayo ligi yake kuu ni NFL, uamuzi mzito kuliko yote ni wa kuchagua anayerusha mpira na wale wanaoudaka, na wengi huukosea kwa sababu moja: huhesabu tachidauni zilizokwisha kupatikana, ilhali kinachodumu kutoka juma moja hadi jingine ni idadi ya mipira iliyorushwa.

Istilahi chache zinahitaji kuelezwa kwanza. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusonga mbele yadi 10, yadi moja ikiwa pungufu kidogo ya mita, na ikifaulu hupewa majaribio mengine 4, mpaka ifike mwisho wa uwanja wenye urefu wa yadi 100 au iupoteze mpira. Karibu kila jaribio hupitia mikononi mwa kwotabeki, ambaye hapa ataitwa mrushaji, kwa kuwa kazi inayompa heshima ni kuurusha mpira mbele kwa mkono, ingawa anaweza pia kumkabidhi mkimbiaji aliye kando yake apenye katikati ya ukuta wa wapinzani, au akaamua kukimbia nao mwenyewe. Wadakaji ni wale wanaotimua mbio katika njia zilizopangwa kabla ya jaribio kuanza, kila mmoja akitafuta upenyo ambao mpira unaweza kumfikia. Mchezaji akivuka mstari wa mwisho na mpira, au akiudaka nyuma ya mstari huo, amepata tachidauni, na timu yake huandikiwa alama 6. Kila mara mrushaji anapomrushia mdakaji fulani, mpira uwe umedakwa au umeanguka chini, mdakaji huyo huhesabiwa kuwa amelengwa, na neno hili, kulengwa, ndilo linalobeba uzito mkubwa katika maelezo yote yanayofuata.

Desturi ya kuunda vikosi vya kubuni ni ya zamani kuliko intaneti. Bill Winkenbach, aliyekuwa na hisa katika timu ya Oakland Raiders, aliibuni pamoja na wenzake mwaka 1962, na mwaka uliofuata wakafanya uteuzi wao wa kwanza wa wachezaji. Sheria ya Marekani ya mwaka 2006 iliyobana kamari ya mtandaoni iliacha nje michezo ya fantasi ambayo matokeo yake hutegemea maarifa na ustadi wa washiriki, na katika upenyo huo ndimo zilimoota kampuni za FanDuel, mwaka 2009, na DraftKings, mwaka 2012. Mwaka 2015 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alizitaka kampuni hizo ziache kupokea viingilio vya wakazi wa jimbo lake, kwa hoja kwamba biashara yao ni kamari. Bunge la jimbo likatunga sheria ya kuziruhusu mwaka 2016, na mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaikubali sheria hiyo mwaka 2022. Ubishi wote huo ulihusu swali moja, kama ustadi unaizidi bahati, na jibu la haki ni kwamba vyote viwili vimo, ila havikukaa mahali pamoja: bahati imejaa katika tachidauni, na ustadi wa mchaguzi huonekana katika kusoma nani atapewa mpira.

Kwa kanuni za DraftKings, mshiriki hupewa dola 50,000 za kubuni za kununulia wachezaji 9, wastani wa takriban dola 5,555 kwa kila mmoja, na miongoni mwao lazima awemo mrushaji 1 na wadakaji 3, pamoja na mchezaji wa nafasi iitwayo taiti endi, ambaye husimama ubavuni mwa ukuta wa mbele na hufanya kazi mbili, ya kuwazuia wapinzani na ya kudaka. Mrushaji hupata pointi 1 kwa kila yadi 25 za mipira yake iliyodakwa na pointi 4 kwa kila tachidauni ya kurusha, na hukatwa pointi 1 kila mpira wake unaponaswa na wapinzani. Mdakaji hupata pointi 1 kwa kila mpira alioudaka, pointi 1 kwa kila yadi 10, na pointi 6 kwa tachidauni. Na ipo nyongeza ya pointi 3 kwa mrushaji anayefikisha yadi 300 na kwa mdakaji anayefikisha yadi 100. FanDuel hutoa nusu pointi tu kwa kila mpira uliodakwa, tofauti inayoonekana ndogo lakini inayoshusha sana thamani ya mdakaji wa mipira mifupi, na kwa sababu hiyo kanuni za shindano husomwa kabla ya majina ya wachezaji.

Ushahidi wa kwamba tachidauni ni kipimo kibovu cha kazi ya mdakaji unapatikana katika msimu wa 2012 wa Calvin Johnson, mdakaji wa Detroit Lions. Mrushaji wake, Matthew Stafford, alirusha mipira 727 msimu huo, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yake, na Johnson alilengwa mara 204, akadaka mipira 122 na kuandika rekodi ya ligi ya yadi 1,964. Hata hivyo alipata tachidauni 5 tu, kwa kuwa mara kadhaa aliangushwa akiwa amebakiza hatua chache kufika mstarini, na timu ikamalizia kwa njia nyingine. Mshiriki aliyeangalia safu ya tachidauni peke yake angemwona Johnson kuwa mchezaji wa kawaida, wakati aliyeangalia safu ya kulengwa angeona kwamba hakuna mdakaji aliyekuwa akitegemewa zaidi yake. Msimu wa 2013 Johnson alidaka mipira michache zaidi, 84, kwa yadi 1,492, lakini tachidauni zikapanda hadi 12. Kazi ilipungua na tachidauni zikaongezeka zaidi ya mara mbili. Mtu akitafakari jambo hilo kwa utulivu ataelewa kwa nini wachambuzi makini hukataa kumlipia mchezaji bei ya juu kwa sababu tu amefunga katika mechi tatu mfululizo.

Mfano wa upande wa pili, yaani wa mdakaji ambaye uhakika wake ulitokana moja kwa moja na wingi wa kulengwa, ni Michael Thomas wa New Orleans Saints katika msimu wa 2019. Thomas hakuwa mtu wa kukimbilia mipira ya mbali. Njia zake nyingi zilikuwa fupi, za kukata kuelekea katikati ya uwanja, ambako mpira humfikia mdakaji haraka kabla walinzi hawajajikusanya. Alilengwa mara 185 na kudaka 149, rekodi mpya iliyoivuka ile ya 143 iliyowekwa na Marvin Harrison mwaka 2002, na kiwango chake cha kudaka kilikuwa zaidi ya mipira 80 katika kila 100 aliyorushiwa. Hesabu ya pointi zake inafaa kufanywa polepole: mipira 149 ni pointi 149, yadi zake 1,725 ni pointi 172.5, jumla ni 321.5, na zikigawanywa kwa mechi 16 alizocheza hutoa takriban pointi 20 kwa kila mechi, kabla hata tachidauni moja haijahesabiwa. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba msimu huo mrushaji wake, Drew Brees, aliumia kidole gumba katika mechi ya pili na kukosa mechi 5, nafasi yake ikachukuliwa na Teddy Bridgewater, na mipira ikaendelea kwenda kwa Thomas vilevile. Mdakaji ambaye mfumo mzima wa timu unamwelekezea mpira hatetereki kwa urahisi hata anayerusha anapobadilika.

Kwa hiyo, anapomchunguza mdakaji, mchaguzi hujiuliza kwanza ni sehemu gani ya mipira yote ya timu inayoelekezwa kwake. Mdakaji anayepata mpira 1 katika kila 4 ni nguzo ya timu yake, na Thomas msimu ule alikaribia kupata mpira 1 katika kila 3. Baada ya hapo hutazama kama mdakaji huyo yumo uwanjani karibu kila mara timu inaporusha, kwa sababu mtu anayeingia na kutoka hawezi kulengwa akiwa benchi, na hutazama pia mipira anayorushiwa husafiri umbali gani hewani. Mipira ya mbali huleta yadi nyingi kwa mara moja lakini hudakwa kwa nadra, hivyo mdakaji anayeishi kwa mipira hiyo anaweza kupata pointi 30 leo na pointi 3 juma lijalo, wakati mdakaji wa mipira mifupi hukusanya pointi zake kidogo kidogo, na hayo ndiyo yanayomfanya atumainiwe. Kulengwa ndani ya yadi 20 za mwisho kuna thamani ya pekee, kwa kuwa huko ndiko tachidauni nyingi huzaliwa, lakini matukio yenyewe ni machache mno kwa mechi 2 au 3 kuweza kusema lolote la maana.

Taiti endi huingia katika hesabu hiyohiyo, na wengi wao hushindwa, kwa sababu muda mwingi hutumwa kuzuia badala ya kukimbia njia za kudaka. Travis Kelce wa Kansas City Chiefs, aliyepita yadi 1,000 katika misimu 7 mfululizo kuanzia 2016 hadi 2022, alikuwa na thamani kubwa kwa sababu timu yake ilimtumia kama mdakaji mkuu.

Kwa mrushaji, kishawishi cha kuhesabu tachidauni ni kikubwa zaidi, kwa kuwa yeye hupata nyingi. Patrick Mahomes alirusha tachidauni 50 mwaka 2018 katika mipira 580, sawa na zaidi ya 8 katika kila mipira 100, na mwaka 2019 akarusha 26 katika mipira 484, sawa na 5 na kidogo katika kila 100. Hakuwa amepoteza uwezo, kwani msimu huo huo wa 2019 aliiongoza timu yake hadi ubingwa; kilichotokea ni kwamba kiwango cha warushaji wengi wa ligi hucheza kati ya 4 na 5 katika kila mipira 100, na anayepanda juu sana ya hapo huvutwa kurudi chini, hata akiwa na kipaji cha hali ya juu. Aliyepima thamani ya Mahomes ya mwaka 2019 kwa tachidauni za 2018 alilipia kitu ambacho hakikuwa na ahadi ya kurudi.

Chemchemi ya uhakika kwa mrushaji, ambayo mgeni wa mchezo huu huchelewa kuiona, ni miguu yake. Yadi za kukimbia hulipwa pointi 1 kwa kila 10, ambapo za kurusha hulipwa pointi 1 kwa kila 25, na tachidauni ya kukimbia hulipwa pointi 6 badala ya 4. Mwaka 2023 Josh Allen wa Buffalo Bills alikimbia yadi 524 na kupata tachidauni 15 kwa miguu. Pointi hizo peke yake ni 142.4, yaani zaidi ya pointi 8 kwa kila mechi katika mechi 17, hata kabla hajarusha mpira mmoja. Msimu huo mipira yake ilinaswa mara 18, aibu kubwa kwa mrushaji yeyote, lakini kila mpira ulionaswa ulimgharimu pointi 1 tu, na hasara yote hiyo ilifidiwa na tachidauni 3 za kukimbia. Jalen Hurts wa Philadelphia Eagles, aliyekuwa na idadi hiyohiyo ya tachidauni 15 za kukimbia mwaka huo, aliifikia kwa sehemu kubwa kwa kusukumwa na wenzake kutoka nyuma akiwa hatua moja kutoka mstarini, mbinu ambayo timu yake iliifanya desturi; na kwa kuwa ni desturi iliyopangwa, inaweza kutegemewa kwa kiasi ambacho mpira wa mbali wa kubahatisha hauwezi.

Uhakika nao haupimwi kwa namna moja katika mashindano yote. Yapo mashindano ya nusu kwa nusu, ambamo karibu nusu ya washiriki hulipwa kiasi kilekile, na humo hakuna faida ya kushika nafasi ya kwanza, hivyo kinachotafutwa ni kima cha chini cha kila mchezaji, yaani pointi anazotarajiwa kupata hata siku ikiwa mbaya. Iwapo kiingilio ni dola 10 na mshindi hulipwa dola 18, kwa kuwa kampuni hubakiza fungu lake, mshiriki hulazimika kushinda takriban mara 56 katika kila mara 100 ili tu asipoteze fedha, na mtu asiyeweza kuionyesha hesabu hiyo kwenye daftari lake anacheza kwa hasara hata kama hajui. Yapo pia mashindano makubwa yenye maelfu ya washiriki, ambamo fungu kubwa la zawadi huenda kwa wachache wa juu, na humo kima cha juu, yaani pointi za siku njema kupita kiasi, ndicho hutafutwa.

Katika mashindano hayo makubwa, mbinu kuu ni kuoanisha, maana yake kumchagua mrushaji pamoja na mdakaji wake wa timu moja. Sababu yake inaonekana katika jaribio moja tu: mpira wa yadi 40 ukiishia kwenye tachidauni, mrushaji hupata pointi 5.6 na mdakaji hupata 11, hivyo tukio moja limeingiza pointi 16.6 katika kikosi kimoja. Novemba 7, 2024, Joe Burrow wa Cincinnati Bengals alirusha yadi 428 na tachidauni 4 dhidi ya Baltimore Ravens, na tachidauni 3 kati ya hizo zilidakwa na Ja'Marr Chase, aliyemaliza na mipira 11 na yadi 264. Kwa kanuni za DraftKings zilizoelezwa hapo juu, Chase alistahili pointi 58.4, na Burrow zaidi ya 36 kwa kurusha peke yake. Ilikuwa mara ya pili katika msimu huo wawili hao kuwatesa Ravens, kwani mwezi Oktoba Chase alikuwa amewapata kwa yadi 193, na uelewano wao haukuanzia Cincinnati, bali katika Chuo Kikuu cha Louisiana State, ambako walitwaa ubingwa wa vyuo katika msimu wa 2019.

Hata hivyo Bengals walishindwa mechi zote mbili, 41 kwa 38 na 35 kwa 34, na hilo ni jambo lenye faida kubwa kwa mchaguzi. Timu inayoongoza kwa alama nyingi huwapa mpira wakimbiaji ili saa iendelee kuhesabu. Timu inayofukuzia haina budi kurusha, kwa sababu mpira unaoanguka chini bila kudakwa husimamisha saa. Mrushaji mzuri aliye katika timu yenye ulinzi unaovuja, anayekutana na mpinzani anayefunga sana, hujikuta akirusha mpaka dakika ya mwisho. Ili kuziona mechi za namna hiyo mapema, mchaguzi huazima makadirio ya kampuni za kubashiri: ikiwa jumla ya alama inayokadiriwa kwa mechi ni 50 na timu moja inapewa nafasi ya kushinda kwa tofauti ya alama 4, basi kampuni hizo zinatarajia takriban 27 kwa 23, na mechi ya aina hiyo, yenye jumla kubwa na tofauti ndogo, ndiyo humletea mrushaji kazi pande zote mbili. Wengi humwongeza katika kikosi mdakaji mmoja wa timu pinzani kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa mashambulizi hujibiwa kwa mashambulizi.

Hali ya hewa huogopwa mahali pasipostahili. Theluji na mvua nyepesi hupunguza kidogo, lakini upepo mkali huua kabisa. Desemba 6, 2021, katika uwanja wa Buffalo Bills ulioko Orchard Park, upepo ulivuma kwa nguvu kiasi kwamba Mac Jones, mrushaji wa New England Patriots, alirusha mipira 3 tu mechi nzima, akapata yadi 19, na timu yake ikashinda 14 kwa 10 kwa kukimbia na mpira karibu kila mara. Hakuna takwimu ya msimu ambayo ingemwokoa mshiriki aliyempanga mdakaji wa Patriots usiku ule. Utabiri wa upepo ungemwokoa.

Kinachobaki ni majeraha, na hapa saa ina uzito kuliko takwimu. NFL huzitaka timu zitangaze majina ya wasiocheza dakika 90 kabla ya mechi kuanza, na kwa kuwa mechi nyingi za Jumapili huanza saa 7 mchana za New York, orodha hutoka saa 5:30 asubuhi ya huko, ambayo kwa msomaji aliye Dar es Salaam au Mombasa ni saa 12:30 jioni mwanzoni mwa msimu, na saa 1:30 usiku baada ya saa za Marekani kurudishwa nyuma mwezi Novemba. Bei za wachezaji zilikwisha kupangwa siku kadhaa kabla ya hapo na hazibadiliki. Jina la mdakaji mkuu likitokea katika orodha, mipira 8 au 10 aliyokuwa akirushiwa kila mechi haipotei, bali hugawanywa kwa waliobaki, na mdakaji wa tatu aliyewekewa bei ya mchezaji wa akiba huingia uwanjani akiwa na kazi ya mdakaji wa kwanza, mbele ya washiriki ambao wengi wao walikwisha kufunga vikosi vyao tangu jana na hawatavifungua tena.